Tarehe ya mwisho ya malipo, au tarehe ya malipo ya mwisho?

Msomaji ametutumia majina ya safuwima za kanzidata yake, akiuliza kwa nini ripoti mbili hazikubaliani. Tatizo ni jina moja: "tarehe ya mwisho ya malipo". Aliyeandaa ripoti ya kwanza aliielewa kuwa siku ya ukomo wa kulipa. Wa pili aliielewa kuwa siku mteja alipolipa mara ya mwisho. Hesabu zao ni sahihi zote mbili, ila hawakukubaliana neno "mwisho" linafanya kazi gani.

Kiwango cha ISO/IEC 11179, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha kueleza data, katika sehemu yake ya 5 kinagawa maneno ya jina kwa kazi nne: kitu chenyewe, sifa ya kitu, namna thamani inavyoandikwa (neno la thamani), na vibainishi, yaani maneno ya kupambanua zaidi. Chukua "tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa". Mgonjwa ni kitu, kuzaliwa ni sifa, tarehe ni neno la thamani. Kibainishi hakuna. Kiingereza huliweka neno la thamani mwisho, Kiswahili huanza nalo, kwa hiyo anayefuata mwongozo wa Kiingereza kwa kuhesabu nafasi hukosea tangu neno la kwanza. Usihesabu nafasi, uliza maswali: hiki kinachoandikwa ni nini? Ni cha nani au cha kitu gani? Kinaeleza jambo gani lake? Neno lililobaki bila jibu ni kibainishi.

Maneno ya thamani yawe machache, na kila moja liwe na maana moja tu. Namba hutambulisha, haijumlishwi. Idadi huhesabiwa. Kiasi hupimwa, na lazima kiwe na kipimo chake. "Namba ya wanafunzi" ni jina bovu, kwa sababu msomaji hajui kama atakuta 412 kwa maana ya watu 412 au utambulisho wa mwanafunzi mmoja.

Sasa vibainishi, ambako ndiko watu huumia. Upatanisho wa ngeli husaidia sana: katika "jina la kwanza la mama wa mtoto", "la" zote mbili zinarudi kwenye jina, na "wa" inamrudia mama. Lakini tarehe, namba na simu zote huchukua "ya", na hapo sarufi haikuambii lolote. Badili nomino. "Tarehe ya ukomo wa malipo" haina utata, kwani "wa" imefungwa kwa ukomo. Na "malipo ya mwisho" bado hayatoshi: ni yaliyomaliza deni, au ya karibuni kuliko yote? Andika unachokusudia.

Kuna vibainishi vinavyokana nomino yake. Noti bandia si noti, na mwanafunzi wa zamani si mwanafunzi. Ukiviweka chini ya nomino hiyo, idadi inavimba. Kuna pia majina yasiyopasuliwa: askari kanzu ni dhana moja, usiichambue kanzu peke yake.

Ukimaliza, chagua majina ishirini, uyape watu wawili wayachambue kila mmoja kivyake. Wakitofautiana kwenye jina lolote, msipige kura nani yuko sahihi. Libadilisheni jina.