Paramesiamu anaogeleaje bila misuli?

Mdogo wangu, umeuliza paramesiamu, yule kiumbe wa seli moja aishiye majini, anakwendaje mbio hivyo wakati hana misuli, na kwa nini hadubini ya shule haikuonyeshi ile mirija ya kitabuni.

Hutaiona, usijisumbue. Mrija mmoja, yaani mikrotubuli, una upana wa nanomita 25 hivi. Hiyo ni kazi ya hadubini ya elektroni. Ndani ya kila silia, yaani kinyweleo cha kuogelea kilichoko mwilini mwake, kuna jozi 9 za mirija zilizojipanga duara, na mirija 2 katikati. Kila jozi ina vikono vya protini iitwayo dainini, vinavyotumia ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuisukuma jozi ya jirani. Zingekuwa huru, jozi zingeteleza na kupitana tu. Ila zimefungwa pamoja kwa neksini, protini nyingine, na kushikiliwa kwenye shina la silia, hivyo mtelezo unageuka kuwa kujipinda. Wengi hupoteza alama hapa: mirija yenyewe haisinyai! Bakteria usimwingize humu, flagela yake, ule mkia wa kuogelea, haina mikrotubuli kabisa.

Unachoweza kuona ni mwendo. Weka nyuzi chache za pamba kwenye tone la maji ili asikimbie sana. Akigonga uzi anarudi kinyumenyume, anageuka kidogo, anasonga tena: silia zimegeuza upande wa kupiga, kisha zikarudi.

Maji ya ziwani ya kumtafutia paramesiamu yachote ukiwa juu ya mwamba, kwa kopo lenye kamba. Hapo Mwanza mawe hayakosekani. Kwenye matete usiingie miguu mitupu, kichocho kipo ziwani.