Mchuzi wa Guinness na steki iliyokataa kulainika

Swali: Shikamoo mama. Nipo Dublin mwaka wa pili, na mara tatu nimejaribu kupika mchuzi wa ng'ombe na Guinness kama ule wa kwenye pabu. Nanunua steki safi, haina mafuta wala mishipa, naichemsha moto mkali saa mbili. Nyama inatoka kavu na ngumu, mchuzi mchungu. Rafiki kaniambia nitie magadi, mwingine anasema vidonge viwili vya Panadol. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usifuate hata moja.

Kosa lilianzia buchani. Tumelelewa tukiamini steki ndiyo nyama ya heshima, na yenye mishipa ni ya asiye na hela. Kwa mchuzi huu ni kinyume kabisa: nunua muundi, shingo au shavu, sehemu ambazo ng'ombe kazifanyisha kazi maisha yake yote. Ile mishipa myeupe unayoikimbia ni kolajeni. Ikikaa kwenye joto la taratibu kwa saa kadhaa inageuka jelatini, ndiyo ile inayonatisha midomo ukinywa supu ya kongoro. Steki haina cha kuyeyusha. Ukiichemsha saa mbili nyuzi zinajikamua maji yote, unabaki na kamba.

Kwa kilo moja, kata vipande vikubwa vya sentimita 4 au 5, vikaushe kwa kitambaa, vikaange kwa mafungu madogo hadi viwe kahawia. Vitunguu na karoti usivibanie, utamu wake ndio unaopoza uchungu. Bia mililita 400 tu, iliyobaki iwe supu ya mifupa. Ukitia bia tupu kisha ukaikausha, uchungu hauna pa kwenda. Funika, weka kwenye oveni nyuzi 150, saa tatu. Mchuzi utoe kiputo kimoja kimoja, usiruke.

Ukionja baada ya saa moja utakuta nyama ni ngumu kuliko ilivyoingia. Hapo ndipo watu wanapotapatapa na kukimbilia kabati la dawa. Iache. Ikiwa tayari, uma unaingia na kutoka bila kuinua kipande.

Sasa hayo ya marafiki zako, maana kila wiki naulizwa. Papai lina mahali pake, kwenye mshikaki, kwa muda mfupi. Likizidi, nje panakuwa uji na ndani pagumu vilevile. Magadi yatailegeza nyama, ndiyo, lakini utakula sabuni. Panadol ndiyo inayonipandisha presha. Ni dawa yenye kipimo, na kipimo kikizidi inaharibu ini. Sasa wewe unayeipikia sufuria ya watu sita, unajua aliyekaa mezani kameza ngapi asubuhi kwa ajili ya kichwa? Unajua mtoto kapakuliwa kiasi gani? Juzi nimetumiwa video ya kijana anayenyunyiza unga mweupe usio na jina, anajisifu nyama imeiva dakika ishirini. Nikamuuliza ni unga gani. Kanifungia. Mtu asiyeweza kukutajia anachotia chunguni, usile kwake, na maharage yake pia uyaogope.

Mwingine wa kundi hilo ni yule anayewahakikishia wageni kwamba pombe ikichemka inaruka yote na mvuke. Haiishi. Hata baada ya saa mbili na nusu motoni hubaki karibu asilimia 5, kwa hiyo mgeni asiyetumia pombe umwambie kabla hajaketi, au umpikie na supu ya mifupa peke yake. Wala hutakuwa umeharibu mila ya mtu: mchuzi wa Kiairishi wa zamani ni kondoo, viazi, vitunguu na maji. Bia haimo.