Makuli wa reli: watumwa au vibarua?

Aliyeandika hapo juu eti makuli, yaani vibarua Wahindi waliojenga reli ya Uganda, walikuwa watumwa tu, basi, mimi naona umerahisisha mno. Wanahistoria wenyewe hawakubaliani. Wako wanaosema ni utumwa uliobadilishwa jina, na neno hilo si la leo, Lord John Russell, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliogopa "utumwa mpya" tangu 1840, kabla ya reli hii, kuhusu vibarua Wahindi wa kupelekwa Guiana. Sababu yao ni kwamba mtu anaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma na akitoroka kazi anafungwa jela. Wengine wanasema hapana, mkataba ulikuwa na mwisho, miaka 3, mshahara upo, nauli ya kurudi ipo, na kwao Punjab kulikuwa na shida watu wakaamua wenyewe. Mimi nasimama katikati lakini naegemea hao wa kwanza, maana kati ya watu kama 32,000 walioletwa 1896 hadi 1901 karibu 2,500 walikufa, sasa hiyo hiari gani jamani.

Halafu kitu kimoja watu wanachanganya kila siku: Wahindi wenye maduka wa huku Uganda wengi si wajukuu wa makuli. Makuli wengi walirudi India, walibaki kama 6,700 hivi. Mzee mmoja wa duka la vitambaa hapa Jinja ukimwita mtoto wa kuli anakasirika kabisa, anakuambia babu yake alitoka Gujarat kwa nauli yake mwenyewe, na anakuonyesha sanduku la bati alilokuja nalo, bado anawekea risiti.