Elia, kwenye jiwe la Hawking waliandika kanuni

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Elia,

Ujumbe wako wa Alhamisi ulinikuta nachambua maharage, nikayaacha ungoni. Nilitaka nikupigie, nikaona simu ina haraka na jibu hili halitaki haraka. Uliniandikia hivi: "Mama, mhadhiri ameniita Hawking wetu mbele ya darasa zima, wote wakapiga makofi. Wewe umefundisha fizikia miaka 31, niambie ukweli. Yule mtu alifanya kazi kubwa kweli, au walimsifu kwa sababu ya kiti?"

Stephen Hawking, yule mwanafizikia, alifanya kazi kubwa kweli. Ondoa kiti cha magurudumu, ondoa ile sauti ya mashine aliyosemea, choma picha zake zote, kazi inabaki palepale.

Kuugua kwake unakujua: kijana wa Oxford aliyezaliwa 8 Januari 1942, akaenda Cambridge kusomea shahada ya uzamivu, na mwaka 1963, akiwa na miaka 21, akaambiwa ana ugonjwa wa neva na amebakiza kama miaka miwili. Hapo nakuomba uweke jambo moja sawa kichwani, maana najua watu wanakuchanganya. Yeye zilikufa neva zinazopeleka amri kwenye misuli, misuli ikakosa wa kuiamrisha, ikanywea. Wewe tatizo lako liko kwenye misuli yenyewe. Anayekupimia miaka yako kwa miaka ya Hawking amekosea hesabu tangu mstari wa kwanza.

Sasa kazi. Mwaka 1970, yeye na Roger Penrose walithibitisha kwa hesabu kwamba kama nadharia ya Einstein ya mvutano ni sahihi, basi ulimwengu huu unaotanuka ulianzia mahali ambapo hesabu zenyewe zinagoma. Hilo peke yake lingemtosha mtu maisha yake yote. Lakini Novemba ya mwaka huohuo, binti yake Lucy akiwa mchanga, usiku mmoja alikuwa anajiandaa kulala. Kupanda kitandani kulimchukua muda mrefu kwa ile hali yake, na aliandika mwenyewe baadaye kwamba kwa hiyo alikuwa na muda wa kutosha wa kuwaza. Akawaza juu ya mpaka wa shimo jeusi, ule ambao ukishauvuka hakuna kurudi, hata kama wewe ni mwanga. Akaona kwamba mashimo mawili yakigongana yakawa moja, eneo la mpaka wa lile jipya haliwezi kuwa dogo kuliko jumla ya yale mawili. Eneo linaongezeka au linabaki lilivyo. Halipungui.

Nimekuona mara ngapi ukitumia nusu saa kutoka kwenye kiti kwenda kitandani, mwanangu, na mimi nimesimama mlangoni nikijizuia nisije kukuharakisha. Tangu nilisome hilo, ile nusu saa siioni tena kama muda uliopotea.

Halafu akaja kijana wa Princeton, Jacob Bekenstein, akasema: kitu kisichopungua kamwe kinafanana sana na entropia, kile kipimo cha mvurugiko wa vitu, kwa hiyo shimo jeusi lina entropia. Hawking hakupenda. Kitu chenye entropia kina joto, na chenye joto lazima kitoe mnururisho, na shimo jeusi linajulikana kwa kutotoa chochote. Akakaa chini, akachukua fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kabisa, akaipeleka pale mpakani, na hesabu yake mwenyewe ikamgeuka. Mwaka 1974 akatangaza kwamba shimo jeusi linang'aa, kidogo mno, na kwamba kwa kungoja muda mrefu kupita kiasi linaisha. Hapa ndipo ninapompendea. Katika ualimu wangu nimeona watu wengi wenye akili, lakini walioona hesabu yao imewapinga wakaenda kuwatangazia wenzao, hao nawahesabu kwa vidole.

Iandike kanuni yake kwenye daftari uitazame kwa utulivu:

T = ħc³ / 8πGMk

Kwanta iko pale (ħ), kasi ya mwanga iko pale (c), mvutano upo (G), joto lipo (T na k), wote mstari mmoja. Halafu itazame ile M, tungamo la shimo, ilivyokaa chini. Tungamo likipungua, joto linapanda. Sufuria la uji nikiliepua linatoa joto huku linapoa. Shimo jeusi linatoa joto na linazidi kupata moto. Nilipoielewa mara ya kwanza, nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha nne, nikaweka kalamu chini nikatoka nje kutazama nyota. Ulikuwa hujazaliwa.

Kwa nini basi hakupata tuzo ya Nobel? Shimo lenye tungamo la Jua letu lingekuwa na joto la kama kelvini 0.00000006, wakati anga lililolizunguka lina kelvini 2.7. Nani atapima cheche ya namna hiyo? Alifariki 14 Machi 2018 bila mtu kuipima. Lakini lile wazo la kitandani la 1970 limepimwa. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO kule Marekani ilinasa mtikisiko wa mashimo mawili yaliyogongana, na mwaka 2021 wanasayansi wakauchambua upya wakapata, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba eneo halikupungua. Mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Na hilo kaburi ndilo jibu langu fupi kwako. Majivu yake yamezikwa Westminster Abbey, London, baina ya Newton na Darwin. Juu ya jiwe wamechora duara jeusi na miviringo inayolizunguka, na wameandika kanuni hiyo niliyokuandikia hapo juu. Kiti hakimo kwenye lile jiwe.

Lakini Elia, ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya kwa nusu. Kanuni ni yake. Maisha yaliyomwezesha kuifikia na kuendelea baada yake yalibebwa na watu, na watu wanaokuita Hawking wetu hawajiulizi wao wanabeba nini.

Mikono ilipomwishia hakuweza tena kuandika milinganyo. Akajifunza kuibeba kichwani kama maumbo, kwa jiometri, na wanafunzi wake ndio walioandika. Wengine waliishi nyumbani kwake, wanamlisha, wanamvisha, wanajifunza fizikia mezani pake. Mke wake, Jane, alilea watoto watatu na mume, na thesisi yake mwenyewe akaiandika katikati ya hayo. Mwaka 1985, wakati wa safari ya Geneva, alishikwa na nimonia, madaktari wakamwuliza Jane kama wazime mashine ya kupumulia. Akakataa. Wakamrudisha Cambridge, koo likatobolewa ili apumue, na sauti ikaondoka moja kwa moja.

Baada ya hapo alizungumza kwa kadi ya herufi. Mtu anapitisha kidole, yeye anainua nyusi kwenye herufi anayoitaka. Mimi na dada yako Neema tulijaribu Krismasi iliyopita, wewe ulikuwa umelala. Tukachora herufi kwenye boksi la sabuni, Neema akawa anapitisha kidole, nami nikajikaza nisitikisike isipokuwa nyusi. Nilitaka kusema "naomba maji". Herufi kumi tu. Nilipitwa na M mara mbili, tukaanza upya, Neema akadhani nataka mafuta. Tulipofika kwenye I, jasho lilikuwa linanitoka na kiu ilikuwa ya kweli. Nikamwambia Neema, mtu huyu kwa muda hakuwa na njia nyingine ya kusema. Kompyuta ilikuja baadaye kumwokoa. Bwana mmoja wa Kalifonia, Walt Woltosz, alikuwa ametengeneza programu kwa ajili ya mama mkwe wake aliyekuwa na ugonjwa huohuo, akampelekea. Akaibonyeza kwa mkono, na miaka ya mwisho mkono ulipokataa, akaiendesha kwa msuli wa shavu, pengine neno moja kwa dakika.

Kile kitabu chake cha 1988, A Brief History of Time, kilichouzwa mamilioni, unajua alichokifikiria kwanza alipoanza kukiandika? Ada ya shule ya binti yake. Nilicheka kwa furaha niliposoma, maana hata mimi nilifundisha tuisheni Jumamosi miaka minane kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jambo lake moja silipendi, na nakuomba usilichukue. Kwa miaka mingi alikataa wauguzi wasiingie nyumbani kwake, hakutaka ugonjwa uzungumzwe. Mzigo wote ukamlalia Jane, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 1990 wakatengana. Simhukumu, sikuwepo. Ila nakuambia kwa sababu Neema ameniambia kwamba siku za vipindi hunywi maji tangu asubuhi, ili usihitaji choo hadi urudi hosteli. Baba yangu, hapana. Figo zako ni zako na huo si ujasiri. Choo kisichoingia kiti si aibu yako, ni kosa la aliyejenga, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wako. Mwombe Baraka unayekaa naye chumba kimoja. Aliniambia mwenyewe nilipokuja Machi kwamba anangoja umwombe.

Na mimi nina la kukuomba. Ulipokuwa kidato cha pili, maabara ya shule ilikuwa juu ya ngazi tano, na mkuu wa shule akaniita akasema ingekuwa vyema uende masomo ya sanaa, "tusimsumbue mtoto". Mimi, mwalimu wa fizikia, nilimjibu, "Nitafikiria." Nikarudi nyumbani nikakuambia. Ulikula nusu ya mtori wako ukasukuma bakuli, hukusema kitu. Wiki mbili nilifikiria. Wiki mbili! Hadi wenzako watatu walipookota mbao kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa jirani, wakazigongelea pamoja, wakakusukuma hadi juu na kukuingiza maabara katikati ya somo la lenzi. Rampu ile ilikuwa imesimama wima kama ukuta, ungeweza kuanguka ukafa, na watoto wale walikuwa wameona mbele kuliko mimi. Sikuwahi kukuambia hivi: nisamehe kwa wiki zile mbili. Niliogopa kukuona ukitamani kitu halafu ukikose, nikataka nikuzuie usitamani.

Hata kiti nilikosea. Kile cha kwanza tulipewa msaada, tukapiga picha, tukashukuru, kumbe kilikuwa kipana kama kochi na kikakutoa vidonda. Unamkumbuka fundi wa pale TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa vya viungo, ndani ya hospitali ya KCMC, alivyokupima nyonga, paja, hadi urefu wa mguu kutoka goti hadi kisigino, akaandika kila kitu kwenye karatasi kama fundi cherehani? Kisha akakuuliza unapita njia gani kwenda shule. Ulipomwambia ni vumbi na mawe, akakuwekea magurudumu ya mbele mapana. Siku ile nilijifunza swali la kuuliza. Hakukuuliza unaumwa nini. Alikuuliza unakwenda wapi.

Mhadhiri akikuita tena Hawking wetu, mwambie kwa adabu, "Mwalimu, naitwa Elia." Basi. Akitaka kukusifu, asahihishe kazi yako kwa kalamu nyekundu kama anavyosahihisha za wengine. Kama umekosea akukate alama. Hawking alikosea kuhusu Bekenstein, na alipotangaza hesabu yake mpya wenzake hawakumwonea huruma, ndiyo maana kile alichokipata kina uzito.

Na kama siku moja utachoka na mashimo meusi ukataka umeme wa jua, au kufundisha, au kitu ambacho sijawahi kukisikia, niandikie vilevile. Hakuna deni unalolipa kwa mtu yeyote wa Cambridge.

Huku mvua zimeanza vizuri. Leo alfajiri mlima ulijifunua wote, theluji imeshuka hadi chini ya Kibo, nikatamani ungekuwepo kwenye baraza. Neema anakusalimu, na bibi yako wa Kibosho anauliza kama chakula cha huko kina ndizi.

Sasa la haraka. Umesema maabara mpya mlango wake una kizingiti na unangoja mtu apite akunyanyue. Kesho mwombe Baraka achukue rula akipime, kutoka sakafu ya nje hadi juu, kwa sentimita, na upana wa mlango pia. Kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita kumi na mbili za mbao, kwa hiyo kizingiti cha 15 kinataka rampu ya 180. Nimeshaongea na seremala wa Pasua, ataitengeneza ya kukunja kwa bawaba, na Ijumaa nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi. Nitumie vipimo kabla ya Jumanne saa sita.

Mama yako