Mteja anakaa kwa kupenda au kwa kufungwa? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yanazunguka jambo moja: namna kampuni zinavyomvuta mteja, na namna zinavyomshika asiondoke. Nimeyafupisha, lakini hoja ni zenu.

Kampuni ya soda iliniletea friji bure dukani. Sasa mtu wao wa mauzo akikuta juisi ya kampuni nyingine ndani yake anafoka na kutishia kulichukua. Ana haki hiyo? (Mwenye duka, Morogoro)

Ndugu yangu, friji hilo unalilipia kila siku, ila si kwa fedha taslimu. Mtu aliyeshuka kwenye bodaboda na koo limekauka anatazama mlango wa kioo na kuchukua kilicho baridi. Anayelishika friji ameshashika mauzo yako ya mchana kutwa, na ndiyo maana wanaligawa.

Tazama na nyuma ya duka. Kreti yenye chupa tupu 24 za Coca-Cola, gari la Pepsi halikubadilishii. Ukitaka kuanza na Pepsi, lazima ununue kreti na chupa zao kwanza, na fedha hiyo italala hapo muda wote utakaouza soda zao. Wenye maduka wengi wanaoitwa wateja waaminifu wa kampuni moja wamebanwa na chupa tupu tu.

Ugomvi kama wako umewahi kufika mahakamani. Kule Ireland, kampuni ya aiskrimu ya HB, iliyo chini ya Unilever, iligawa friza bure kwa masharti kwamba ndani iwekwe aiskrimu ya HB peke yake. Mars walipoingia sokoni na aiskrimu yao walikuta maduka kama 40 kati ya kila 100 yana friza za HB tu, na mwenye duka hana nafasi ya kuweka la pili. Mwaka 1998 Tume ya Ulaya ilisema masharti hayo yanavunja sheria ya ushindani, na mwaka 2003 mahakama ikakubaliana nayo. Mwaka 2005 Coca-Cola nao waliahidi mbele ya tume hiyo kwamba duka lisilo na friji jingine la vinywaji litaruhusiwa kutumia asilimia 20 ya friji lao kwa bidhaa za wengine.

Maamuzi hayo hayamfungi mtu Tanzania. Hata hivyo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kampuni iliyotawala soko kutumia ubabe wake kuwazuia wengine, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayopokea malalamiko. Kwanza omba nakala ya mkataba uliosaini. Friji ni mali yao, na kama masharti yanasema soda zao tu, wanaweza kulichukua. Lakini kama mkataba unahusu friji peke yake, hauwapi mamlaka juu ya rafu yako. Halafu piga hesabu: juisi hizo zikikulipa vizuri, friji dogo la mtumba linaweza kurudisha gharama yake, na hapo utapanga vinywaji unavyotaka wewe.

Baba analalamikia makato ya mtandao wake kila siku, lakini hahami. Siku hizi si unahama na namba yako? Ni ukaidi tu? (Kijana, Kinondoni)

Usimwite mzee mkaidi, ana sababu. Ni kweli, tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Lakini namba ni kitu kimoja kati ya vingi vinavyomshika. Akihama, anaiacha akaunti yake ya fedha. Wakala aliye karibu na nyumbani anamfahamu. Zaidi ya yote, kiasi anachoruhusiwa kukopa kwenye simu kimejengwa na miaka ya miamala yake, na historia hiyo haihami pamoja na namba. Kule aendako anaanza kama mgeni.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kisha ikaanza kulegea. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana fedha zitumwe moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga 2016. Nchini Kenya, mwaka huohuo wa 2014, Mamlaka ya Ushindani iliitaka Safaricom iache kuwazuia mawakala wa M-Pesa kuhudumia mitandao mingine. Hatua hizo mbili zilimsaidia mteja kuliko matangazo yote ya ofa niliyowahi kuyasikia, kwa sababu ziliwalazimisha wenye mitandao kushindana kwa bei na huduma. Sasa inabaki historia ya mikopo, na ningefurahi siku moja mteja aweze kuichukua na kuondoka nayo.

Niko Nairobi. Pointi za dukani na za simu zinanisaidia kweli, ama ni kunipumbaza? (Msomaji)

Zinasaidia ukizitumia mapema. Bonga Points za Safaricom zilianza 2007 na watu wamezitumia kupata dakika, data, hata simu. Lakini pointi ni deni ambalo wewe unaidai kampuni, nayo inakutaka uvumilie kabla haijakulipa, na hupangi wewe zitakuwa na thamani gani kesho. Mnaikumbuka Nakumatt, yale maduka makubwa ya Kenya, na kadi yake ya pointi, Smart. Maduka yalipoanza kubaki na rafu tupu, hadi mwaka 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi, aliyelimbikiza pointi alikuwa na sababu ya kujuta. Usinunue kitu cha bei ya juu kwa ajili ya pointi, na ulizo nazo zitumie.

Kampuni ikibadili jina haipotezi wateja? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mara nyingi kidogo tu. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel 2010. Buzz ikawa Tigo, na Tigo mwaka 2024 ikawa Yas. Rangi zilibadilika, namba za watu zikabaki zilezile, salio likabaki, wakala akapaka banda upya. Huduma ikiendelea kama jana, wengi hawaondoki.

Basi kwa nini Coca-Cola walilazimika kurudisha soda ya zamani? (Huyohuyo)

Kwa sababu wao waligusa kitu chenyewe. Pepsi walikuwa wakiwaonjesha Wamarekani vikombe visivyo na jina tangu 1975, na wengi walichagua Pepsi. Coca-Cola wakaingiwa na hofu, wakatengeneza ladha mpya tamu zaidi, wakaionjesha kwa watu karibu 200,000, ikashinda. Aprili 1985 wakaitoa na kuiondoa ile ya zamani. Simu za malalamiko zikafurika, na Julai ladha ya zamani ikarudi. Mwonjaji aliulizwa ipi tamu. Hakuulizwa kama yuko tayari kunyang'anywa ile aliyokunywa tangu utotoni. Hapo hapakuwa na friji wala deni la chupa lililomlazimisha mtu, na bado walipigania soda yao. Huo ndio uaminifu ninaouheshimu.

Nauza supu na chapati asubuhi. Jirani kafungua, kashusha bei, wateja wanamkimbilia. Nifanye nini? (Mama lishe, Temeke)

Mama, usishindane naye kushusha bei kabla hujajua mfuko wake. Kama ana mtaji mkubwa, wewe ndiye utakayefunga kwanza. Chapati isipungue ukubwa, supu iwe tayari saa ileile kila siku, maana fundi anayewahi kazini hasubiri. Wale wanaolipa mwisho wa wiki na hawajawahi kukuangusha, endelea kuwaandika kwenye daftari, ila kwa kiwango ambacho hata asipolipa mmoja utanunua nyama kesho. Na watafute wawili watatu waliohama, uwaulize bila kinyongo wanapata nini kule. Kama ni bei tu, baadhi watarudi jirani atakapoipandisha. Wakikutajia usafi au kauli, hilo lirekebishe kesho asubuhi.