Kabla hujaikimbia baridi, isome kwanza kadi iliyo mfukoni mwako

Kwenye mji ninaoishi, kaskazini mwa Ujerumani, jua la Desemba huchomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Nasema "huchomoza" kwa kulistahi tu, maana kuna wiki nzima hatulioni. Mama yangu akinipigia simu ya video kutoka Mombasa huniuliza kwa nini nimekaa stoo. Si stoo, mama, ni sebuleni, na ni saa tisa mchana.

Mtu wa pwani anaweza kuizoea baridi. Koti linanunulika, viatu vinanunulika. Lile giza ndilo lililonishinda. Ulipofika mwaka wa saba, Novemba 2022, nikamwambia mke wangu, "Mama Salma, hapa mimi basi. Tuhame." Yeye ni mtu wa Tanga, hana haraka na jambo. Akaniuliza, "Tuhamie wapi, baba Salma, na kwa karatasi gani?"

Nusu ya kwanza ya swali nilikuwa na jibu lake: Valencia, Hispania. Bahari ipo, michungwa imepandwa kando ya barabara kama sisi tunavyopanda miarobaini, na kwa ndege ni kama saa tatu hivi. Nusu ya pili nikaipuuza. Nilikuwa na kibali cha ukaazi cha kudumu cha Ujerumani, kile wanachokiita Niederlassungserlaubnis, na nikajiambia Ulaya ni nyumba moja, milango ya ndani haina kufuli. Ujinga huo ulinigharimu karibu mwaka mzima na pesa ambazo sipendi kuzihesabu.

Januari 2023 nikachukua likizo, nikapanga nyumba ndogo Valencia kwa wiki nne nijaribu maisha. Na hapa nitoe ushauri usio na uhusiano na viza: mji wa joto usiuendee Agosti kuuonja, uendee Januari. Nje palikuwa pazuri, nyuzi kumi na sita, watu wanakunywa kahawa juani. Ndani nilikuwa nimevaa koti lilelile nililolikimbia. Nyumba nyingi za kule zimejengwa kulifukuza jua, sakafu ni vigae, kuta haziwekwi kitu cha kuzuia baridi, na hita za ukutani kama za Ujerumani hazipo. Mwenye nyumba, bibi mmoja mkarimu, alinionyesha meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito mpaka sakafuni. Chini yake kuna hita. Unakaa, unaingiza miguu, unajifunika kitambaa mapajani, unakula hapo, unasoma hapo. Kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa Lamu, kwenda juu nilikuwa Ujerumani.

Lakini jua lilikuwepo, kila siku. Nikaamua papohapo kutafuta mwanasheria wa uhamiaji anipangie mambo.

Mwanasheria akaishika kadi yangu ya kibali, akaigeuza nyuma na mbele. Akasema, "Kadi yako ni nzuri sana. Ujerumani."

Ndipo nikafundishwa. Kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka ya baina yao, kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya kila siku 180. Kutembelea. Hakikupi haki ya kuishi huko wala ya kufanya kazi, na kuwa na kompyuta ya mkononi chini ya mchungwa hakuibadilishi sheria hiyo. Halafu akaniambia jambo lililonikausha koo: kibali changu "cha kudumu" hufa chenyewe nikikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita. Na nikiondoka kwa nia ya kuhama kabisa hata hiyo miezi sita haisubiriwi. Kinakufa siku ninapoondoka. Hakuna anayekuandikia barua. Unakuja kujua uwanja wa ndege.

Maana yake, kama ningefanya nilivyopanga, yaani kurudisha funguo za nyumba, kujiondoa kwenye daftari la wakazi, kupakia masanduku na kuhama, ningekuwa nimeufunga mlango wa nyuma kabla ule wa mbele haujafunguliwa. Tungejikuta Hispania na pasipoti ya Kenya na ya Tanzania, siku 90 hazina msingi tena, na Ujerumani tukihitaji viza kama wageni wapya.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kuhama nchi ya pili ni hili: kadi niliyo nayo inakufa lini nikiondoka? Waulize wa ofisi ya wageni kwa maandishi, na jibu ulitake kwa maandishi.

Nikajaribu njia ya pili, ile viza ya wafanyao kazi kwa mtandao. Hispania iliianzisha kwa sheria namba 28 ya 2022, kwa hiyo ilikuwa mpya na kila mtu mtandaoni ni mtaalamu wake. Inataka kipato cha mara mbili ya mshahara wa chini wa Hispania. Kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa karibu euro 2,760 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mwenza anaongeza asilimia 75 ya mshahara huo wa chini, kila mtoto asilimia 25. Kwetu sisi watatu inafika mishahara ya chini mitatu kamili, yaani kama euro 4,140 kwa mwaka huo. Mshahara huo wa chini hupandishwa karibu kila mwaka, kwa hiyo usipige hesabu kwa tarakimu ulizozikuta kwenye video ya mwaka juzi.

Kipato nilikuwa nacho, kwa kubana. Kilichonikwamisha ni mwajiri. Viza hii inataka kampuni iwe na umri wa mwaka mmoja angalau, wewe uwe umeifanyia kazi miezi mitatu angalau, na wakuandikie barua kwamba wanakubali ufanyie kazi yako Hispania. Bosi wangu alisema ndiyo kabla sijamaliza sentensi. Mhasibu wake akasema hapana. Mfanyakazi akihamia nchi nyingine, michango ya hifadhi ya jamii inamfuata, na ili iendelee kulipwa Ujerumani lazima kuwe na hati maalumu, nayo hutolewa kwa muda. Ukishakaa siku zaidi ya 183 kwa mwaka, kodi nayo inahamia kule. Barua ziliendeshwa kuanzia Februari mpaka Juni, kila mtu ananipa pole na hakuna anayetia sahihi. Sikuwalaumu. Nilijilaumu mimi, maana nilimwuliza mhasibu mwisho ilhali ilipasa nimwulize kabla sijamwuliza hata mke wangu.

Katikati ya hayo akajitokeza wakala. Akataka euro 400 anitafutie miadi ya ofisi ya uhamiaji. Miadi ya serikali kule ni bure. Kinachouzwa ni uhaba wake: wapo wanaoziwahi zote kwenye mtandao asubuhi na mapema, halafu wanaziuza kama tiketi za mechi. Nilimwambia mimi natoka Mombasa, biashara hiyo nimeiona feri.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Vyeti vyetu vya kuzaliwa na cha ndoa vilikwenda Nairobi na Dar es Salaam, vikapigwa mihuri wizarani, vikaenda ubalozini, vikarudi, vikatafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Kwa DHL peke yake ningenunua godoro. Lakini cheti cha tabia njema cha Ujerumani ni euro 13, na tangu Februari 2019 nyaraka za namna hiyo zikitoka nchi moja ya Umoja wa Ulaya kwenda nyingine hazihitaji muhuri wa apostili, ule wa kuthibitisha hati itumike nchi nyingine. Yupo aliyetaka kunitoza fedha ya muhuri huo. Na vyeti hivi vina uhai mfupi, mara nyingi miezi mitatu. Kukusanya mapema ni kukusanya mara mbili.

Sasa nije kwenye kadi ambayo ilinipasa niwe nayo toka mwanzo. Ujerumani inatoa vibali viwili vya kudumu, na vikiwekwa mezani vinafanana kama mapacha. Kimoja ni hicho changu. Kingine kinaitwa Daueraufenthalt-EU, yaani ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya. Masharti karibu ni yaleyale: miaka mitano ya ukaazi halali, kipato, lugha, michango ya pensheni. Lakini hiki cha pili kinakupa haki ya kwenda nchi nyingine ya Umoja na kuomba ukaazi huko kwa hadhi hiyo, ukiomba ndani ya miezi mitatu tangu uingie na ukiwa na kipato na bima ya afya. Denmark na Ireland hazimo kwenye mpango huo. Na hakifi upesi: kukaa nje ya Umoja mfululizo miezi kumi na miwili ndiko kunakokiua, au kukaa nje ya Ujerumani miaka sita. Nchi nyingine za Umoja nazo zina mapacha wa namna hii, kwa majina yao. Nilipoomba kibali changu, yule karani aliniuliza nataka kipi. Nikamjibu, chochote kilicho rahisi. Jibu hilo bado linaniuma.

Nilikuwa najiandaa kuomba kubadilisha kadi, sheria mpya ya uraia ikaanza Ujerumani tarehe 27 Juni 2024. Miaka ikashuka kutoka minane hadi mitano, na ukaruhusiwa kubaki na uraia wako wa awali. Kenya, kwa katiba ya 2010, inaruhusu uraia wa nchi mbili. Mimi nikaomba: lugha ngazi ya B1, yaani ya kati, mtihani wa uraia wa maswali 33 ambao ukipata 17 umepita, ada euro 255, na subira ndefu.

Mke wangu hakuomba. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na siku angeipokea pasipoti nyekundu angeipoteza ile ya kwake. Kuna hadhi maalumu ambayo Bunge liliipitisha 2025 kwa watu wenye asili ya Tanzania, lakini hadhi maalumu si uraia, na yeye ana kiwanja Pangani alichoachiwa na babake. "Sitaki kuomba ruhusa kuingia kwetu," alisema, na mjadala ukaishia hapo. Watu waliotushauri waliona tumekwama, mguu mmoja ndani mmoja nje. Kumbe haikuwa lazima wote wawili tuombe. Raia wa nchi ya Umoja akihamia nchi nyingine ya Umoja, mwenza wake humfuata kama mwanafamilia, awe na pasipoti ya nchi yoyote, na hupewa kadi ya miaka mitano. Kile kizingiti cha mishahara ya chini mitatu hakipo. Kinachotazamwa ni kama mna kazi, au fedha za kujitosheleza na bima.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, wewe uliyeko Leipzig au Malmö au Turku umechoka na theluji, sikuambii viza ipi ni bora. Nakuuliza umebakiza muda gani kufikia pasipoti, au kufikia ile kadi ya Ulaya. Kama ni miaka miwili, nunua taa ya mwanga mkali, kunywa vitamini D, kaa utulie. Viza ya kazi ya mtandao iache kwa yule ambaye hana njia nyingine na ambaye mhasibu wa kampuni yake ameshatia sahihi.

Mama aliniuliza mara nyingi kwa nini niende kutafuta joto kwa Wahispania na kwetu lipo la bure. Nilimjibu ukweli. Kuingia Mombasa hakunihitaji viza, ila kazi yangu ipo Ulaya, Salma ana miaka kumi na lugha anayoandikia insha ni Kijerumani, na miaka ya pensheni naikusanya bado. Akasema, "Haya, ila usinizike kwa simu." Hilo sina jibu lake.

Pasipoti ya Ujerumani nilipoipata haikumaliza kila kitu. Suala la mwajiri lilibaki palepale, maana kampuni ingelazimika kunisajili kwenye hifadhi ya jamii ya Hispania, na hawakutaka. Tumekubaliana niache ajira niwe mtu wa ankara. Hispania humtoza anayejiajiri kwa mara ya kwanza mchango wa hifadhi ya jamii wa euro 80 na ushee kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza, baadaye kiwango hupanda kulingana na kipato. Nimeweka akiba ya miezi minane, maana mteja anayelipa kwa wakati ni kama jua la Desemba huku kwetu.

Na baada ya mafuriko ya Oktoba 2024, yaliyoua zaidi ya watu 220 mkoani Valencia, tumeyaondoa kwenye orodha maeneo ya bondeni kusini mwa mji, na nyumba za chini kabisa hatuzitazami hata kodi iwe nafuu vipi.

Tunaondoka shule zikifungwa. Mama Salma ameshapima sebule ya nyumba mpya kwa picha tulizotumiwa, na kitu cha kwanza alichokiandika kwenye orodha ya kununua ni ile meza ya duara.