Jibu: Hesabu za dawa kwenye digrii ya uuguzi wa watu wazima Uingereza
Ndugu, umeuliza kama asiye mzuri wa hesabu ataiweza digrii hii. Ataiweza, ila mtihani wa hesabu za dawa hauna huruma: NMC, baraza linalosajili wauguzi, linataka upate 100%.

Fomula yenyewe ni fupi. Dozi aliyoandikiwa mgonjwa, gawanya kwa dozi iliyomo kwenye ampuli (kichupa cha dawa ya sindano), zidisha kwa ujazo wake. Kaandikiwa mg 75, ampuli ina mg 50 kwenye ml 2: 75 ÷ 50 × 2 = ml 3. Wengi wanaangushwa na vipimo, si fomula. Digoxin, dawa ya moyo, mikrogramu 250 ni mg 0.25, usipobadilisha kwanza, jibu litakosea mara elfu. Dripu ya ml 1000 kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila ml: matone 20,000 ÷ dakika 480, yaani matone 42 kwa dakika. Andika kipimo kila mstari, na ukipata vidonge 12 kwa mkupuo, rudi mwanzo.

Kwangu mimi mzigo wenyewe ni saa: zisizopungua 4,600, nusu nadharia, nusu vitendo, zamu za usiku zikiwemo. Kibarua cha pembeni kipangie hapo.